Mkwe wa Kiyoyozi

Mume wangu hapendi kumtia mtu taabu. Ukija kwake atakupisha kitanda alale yeye kwenye kochi. Akija kwako, atakunywa chai kavu isiyo na sukari kuliko kuuliza kopo la sukari liko wapi. Ni mtu wa Morogoro, kazi yake mahesabu, na upole huo ndio ulionifanya nimkubali aliponiposa. Upole huohuo ndio nusura ututenge na ukoo wangu wote wa Makunduchi.

Chanzo ni Mwaka Kogwa. Kwa asiyeujua, huku kwetu kusini ya Unguja mwaka mpya tunauanza mwezi wa Julai, kwa hesabu ya Nairuzi iliyokuja zamani kutoka Uajemi. Wanaume hupigana migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba hadi sauti zikauke, kisha watu hula. Na juu ya yote kuna sharti ambalo hakuna aliyelibandika ukutani lakini kila mtoto analijua: nyumba isipitishe Mwaka bila mgeni. Aliyekosa mgeni ameuanza mwaka vibaya. Ndiyo maana hata mpita njia asiyejua neno la Kiswahili hushikwa mkono akaketishwa mkekani. Sasa mkwe wa bara, aliyevuka bahari na mke na watoto! Huyo ni mgeni wa kugombaniwa.

Sharti hilo nilimweleza. Aliitikia. Ila kichwani mwake alikuwa na kumbukumbu ya harusi ya mdogo wangu, mara ya mwisho tulipolala kwetu. Walimpa chumba cha kaka mkubwa, kaka na mkewe wakatandika ukumbini. Alfajiri alipotoka kwenda kuoga alimkuta mama amekwisha kuchemsha maji, wifi kashika ndoo, mtoto wa kaka kashika sabuni, na shangazi kasimama na taulo begani.

"Mama watoto, siwezi tena," aliniambia. "Watu wanne wananingoja nioge! Nilisahau hata kusugua mgongo."

Basi akatafuta hoteli. Kabla ya kulipia ikabidi apate tarehe, na tarehe ya Mwaka haimo katika kalenda ya ofisini kwao. Nikampigia ami, naye akaanza kuhesabu kwa sauti, mume wangu akisikiliza pembeni kalamu mkononi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, hauongezwi siku hata moja. Hugawanywa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Yakipita makumi 36 hubaki siku tano za kufungia hesabu. Kwa miongo hiyo wazee wa pwani walijua pepo zitageuka lini na shamba lisafishwe lini.

"Hakuna mwaka mrefu?" aliuliza mume wangu.

"Mwaka mrefu ni wa Wazungu," ami alijibu.

Mhasibu akakokotoa. Kama hauongezwi siku, basi kila baada ya miaka minne lazima uteleze siku moja nyuma ya kalenda ya kawaida. Ndiyo kusema babu wa babu zetu waliusherehekea mwezi wa Agosti. Ami akakubali, akasema mkwe ana akili. Zilikuwa sifa za mwisho kutoka Makunduchi kwa muda mrefu.

Hoteli aliyoipata ilikuwa Jambiani, ufukweni, kaskazini kidogo ya kwetu. Ina bwawa, kiyoyozi, kifungua kinywa na chakula cha jioni vimo ndani ya bei, na ukishalipa pesa hairudi. Alinionyesha risiti kwa furaha ya mtu aliyewapunguzia wenzake mzigo. Kazi ya kuwaambia wenye mzigo wao ikabaki kwangu.

"Mnafikia Jambiani?" shangazi aliuliza simuni. "Kwa nani?"

"Hotelini, shangazi."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Haya, mwanangu. Ahsante."

Angenitukana ningelala vizuri. Mama alinipigia baadaye kuuliza kama kuna mtu aliyemuudhi mkwe siku ile ya harusi, maana walikaa wakawaza, wakahisi pengine ni maji ya kuoga, yalikuwa ya moto mno. Kaka mkubwa yeye alituma ujumbe mfupi: "Msalimu shemeji. Mwambie tutaonana kiwanjani." Mume wangu akafurahi, akasema unaona, shemeji hana neno. Nikanyamaza. Mtu wa Makunduchi akikwambia mwezi wa Julai kwamba mtaonana kiwanjani, hakukualika mpira.

Tulivuka na boti kutoka Dar es Salaam. Julai ni kusi, bahari ilikuwa imechafuka, na safari nzima wahudumu walikuwa wakigawa mifuko ya kutapikia. Bandarini Malindi tukapanda gari: Tunguu, msitu wa Jozani ambako watoto walipiga kelele kwa ajili ya kima punju, Paje, kisha Jambiani. Mlangoni mwa hoteli tukapokelewa kwa madafu. Mume wangu alishusha mabega ambayo nadhani alikuwa ameyapandisha tangu siku aliyoposa.

Na kusema kweli, palikuwa pazuri. Asubuhi ile maji yalikupwa, bahari ikaenda mbali hadi karibu na mwamba, mchanga ukabaki mweupe na wanawake wa kijijini wakaonekana wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, kanga zimekazwa viunoni. Watoto waliingia bwawani wakakataa kutoka. Chumbani mwetu kulikuwa na kitanda kipana na juu yake taulo mbili nyeupe zilizokunjwa kwa ustadi zikawa bata maji wawili wanaobusiana, shingo zao zimepinda, kila mmoja na ua jekundu mgongoni. Mume wangu hakuthubutu kuwavunja. Alijifuta kwa fulana yake.

Alasiri ya kuamkia Mwaka, simu ya chumbani ikalia. Mapokezi. Kuna wageni wetu getini, na kuna tatizo.

Nilipofika niliwakuta. Shangazi mbele, buibui jipya, udi unanukia kabla hujamfikia. Nyuma yake mama mdogo, sinia kichwani limefunikwa kawa. Nyuma ya mama mdogo wifi, mtoto mchanga mgongoni, vikapu viwili mikononi. Mbele yao mlinzi, kijana wa watu, anatoka jasho.

"Bibi, nimeambiwa chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Cha nje?" shangazi alisema pole pole. "Pweza katoka kwenye mwamba ule unaouona. Nazi zimeangushwa Makunduchi. Mimi nimezaliwa huku kusini, mama yangu kazaliwa huku kusini. Cha nje ni kipi hapo, mwanangu? Hebu niambie wewe mlicho nacho jikoni kimetoka wapi."

Mlinzi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mchanga.

Meneja akaja, mtu mstaarabu, akatafuta njia: wageni wanaweza kuketi chini ya mivinje, nje kidogo ya uzio, na wahudumu wakatandika mkeka. Shangazi akaketi, akatengeneza buibui, akauliza swali alilokuja nalo.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

Mkwe wake alikuwa bwawani. Kitindamimba wetu, aliyetumwa kumwita, alimwita kwa sauti iliyosikika hadi Bwejuu: "Baba! Shangazi yake mama anakutaka!" Naye, badala ya kwenda chumbani kubadilisha, aliona kumngojesha mkwe ni kumtia taabu. Akaja mbio, kaptura ya kuogelea inachuruzika, magoti nje, akijaribu kupiga shikamoo huku anatafuta kitu cha kujisitiri. Wifi akageuza uso. Mama mdogo akajifanya anapanga sahani. Shangazi peke yake hakupepesa.

"Marahaba, mkwe. Naona maji ya hapa yamekupendeza."

Alikula pale mkekani, amejifunga kanga ya wifi, wali wa nazi na mchuzi wa pweza, na kila alipotaka kunawa shangazi alimwongezea. Haikusemwa kauli moja kuhusu hoteli. Walipoondoka, shangazi aliliacha sinia. Sinia likiachwa kwako sharti ulirudishe mwenyewe, na halirudishwi tupu.

Siku ya Mwaka mume wangu alivaa kanzu nyeupe mpya na kofia ya kiua aliyoinunua Darajani. Mpango wake ulikuwa kusimama chini ya mwembe, kupiga picha, kulirudisha sinia likiwa na sukari, mchele na mafuta, na kurudi Jambiani kabla ya jua kukuchwa. Kiwanjani watu walikuwa wamejaa. Wanawake wamevaa madera mapya, asumini kichwani. Wavulana wadogo wamekwisha kuanza kuchapana wakijifanya wakubwa. Watu walijigawa pande mbili kama desturi ilivyo, wa kaskazini na wa kusini, kila mwanamume na kipande chake cha mgomba mbichi, kimejaa maji, kizito mkononi.

Nilimwona kaka mkubwa akivuka kiwanja kuja tulipo. Mikononi alikuwa na vipande viwili.

"Shemeji," alisema, na akampa kimoja.

"Mimi mgeni, shemeji, mimi natazama tu."

"Mgeni wa nani?"

Nafikiri pale ndipo mume wangu alipoelewa. Mwaka umewekewa mgomba kwa kazi hiyohiyo: lililokaa kifuani mwaka mzima ulitoe hapo, mbele za watu, kisha lisivuke nawe kuingia mwaka mpya. Na mgomba una hekima yake: unauma, unatoa mlio mkubwa, lakini hauvunji mfupa. Mtu hawezi kuuacha na neno la ziada moyoni, na hawezi kutoka na jeraha la kudumu.

Akanikabidhi simu yake. Akanikabidhi kofia. Kanzu akasahau kuivua.

Pigo la kwanza la kaka lilimpata begani, likapasuka, maji ya mgomba yakamrukia usoni. Hilo, nadhani, lilikuwa la mama na maji yake ya moto. La pili mgongoni, la shangazi na simu. Mume wangu alipokea la tatu, halafu kitu kikamwingia. Yule bwana wa kunywa chai isiyo na sukari alikamata mgomba kwa mikono miwili akamshushia shemeji yake bakora moja iliyofanya upande mzima wa kusini ushangilie. Miaka yote ya kungojwa bafuni na watu wanne ilikuwa ndani ya bakora ile. Wakazungushana hadi vipande vikabaki nyuzi mikononi, wote wawili wameloa, wanahema, wanacheka.

Upande wetu wanawake walikuwa wamekwisha kupata wimbo. Nyimbo za Mwaka hutungwa papo hapo na haziogopi cheo cha mtu. Kazi yake ni kusema hadharani kinachosemwa majikoni. Binti ya mama mdogo ndiye aliyeanzisha, mkwe katukimbia kafuata kiyoyozi, wengine wakaitikia kwa makofi, na kila ubeti ulipozidi kunoga mume wangu alizidi kuinama. Mwisho akainua mkono kukubali kushindwa. Wakamtunukia vigelegele.

Kikafuata kibanda. Mzee aliingia ndani, makuti yakawashwa, akachomoka mbio huku watu wakipiga yowe, na moshi ukapanda. Kila jicho likaufuata, maana uendako moshi ndiko mwaka unakotazama. Ukaelekea kaskazini.

"Mwezi wa Julai, upepo wa kusi," mhasibu alimnong'oneza ami, "ungeelekea wapi kwingine?"

"Siku utakapoelekea kusini," ami alijibu, "ndiyo siku ya kuogopa."

Tulikula kwetu. Mume wangu na kaka walikaa sinia moja, kaka anamkatia nyama, anamsukumia upande wake, wanabishana nani alimpiga mwenziwe zaidi. Mama alimtazama mkwe wake, alama nyekundu shingoni, kanzu imelowa, akasema Alhamdulillahi, mwaka huu nyumba imepata mgeni. Tukarudi Jambiani usiku. Alikuwa amechoka hata hakuwasha taa. Alijitupa bafuni, akatoka, na kwa mara ya kwanza akawavunja wale bata maji wawili na kujifuta nao kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akalala.

Utomvu wa mgomba ukiwa mbichi unauona kama maji. Asubuhi unauona ulivyo. Tuliamshwa na mguno wa dada wa usafi. Taulo zote mbili zilikuwa na mabaka ya hudhurungi inayokwenda kwenye weusi, na shuka nayo ilikuwa na mchoro kamili wa mgongo wa mume wangu. Meneja akaja na karatasi: taulo mbili na shuka zitalipwa kama mpya. Mume wangu akatoa pochi palepale, asije akawatia taabu.

Nilimzuia kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikampigia shangazi, maana madoa ni elimu yake.

"Usilipe kitu," aliniambia. "Nakuja na limau."

Alikuja na limau kapu zima, chumvi, mama mdogo, wifi na mtoto. Yule mlinzi wa getini, safari hii, alisimama pembeni akawafungulia bila swali. Shangazi akaingia chumbani kwetu, akavua viatu mlangoni, akatazama kitanda, akatazama kiyoyozi, akatazama bahari dirishani, akachukua taulo na kuingia nazo bafuni. Akafunga mlango.

Tukasikia maji. Tukaendelea kusikia maji. Baada ya muda mrefu tukasikia kaswida.

Alipotoka, mvuke ulitoka naye. Alikuwa amejifunga kanga safi aliyokuwa ameikunja vizuri kwapani tangu Makunduchi, uso unang'aa. "Maji yanatoka ya moto yenyewe," alimwambia mama mdogo. "Huchemshi, huchoti." Mama mdogo hakungoja kuambiwa mara ya pili. Wifi alikuwa amemlaza mtoto katikati ya kile kitanda kipana, chini ya ubaridi, na yule mtoto, ambaye kwa joto la nyumbani alikuwa hamwachi mama yake apate usingizi, alilala akakoroma.

Mume wangu hakujua aketi wapi, akaamua kusimama. Alisimama mlangoni mwa bafu, ameshika taulo safi alizoziomba mapokezi, sabuni mkononi, akimngojea mama mdogo amalize. Kisha akawaagizia chai. Kisha maandazi. Akawaongezea sukari mwenyewe bila kuulizwa. Sijamwona na raha kama ile nyumbani kwa wakwe zake tangu tuoane.

"Shangazi," nilikumbuka, "na zile taulo?"

Alizileta. Zilinukia limau vizuri sana. Madoa yalikuwa palepale.

"Utomvu wa mgomba hautoki," alisema. "Nani asiyejua?"

"Sasa limau zilikuwa za nini?"

"Ningeingiaje?"

Tukalipia. Shangazi akasema mali iliyolipiwa haiachwi, akazikunja taulo na shuka akatia kapuni, limau zilizobaki juu yake. Taulo moja sasa ni ya kufunikia unga ukiumuka. Nyingine kaka anajifutia akitoka baharini na humwonyesha kila anayepita lile baka kubwa, akidai ndipo lilipotua pigo lake la kwanza.

Juzi ami amekwisha kutoa tarehe ya Mwaka ujao, na shangazi amepiga simu kutupa ratiba. Mkwe atalala nyumbani, chumba cha kaka, na ataogea maji atakayoyachota mwenyewe. Hilo amelikubali hata kabla sijamaliza kumweleza. Chumba cha Jambiani, hata hivyo, kisiachwe. Kitakuwa cha shangazi na mama mdogo, wapumzishe migongo, na wifi atakwenda nao kwa ajili ya mtoto.

"Na atakayelipa ni nani?" mhasibu aliuliza.

Nikamwambia amuulize kaka, kiwanjani.